Namba ya Kwanza kwenye Karatasi ya Majibu

Karatasi ya majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho nchini Kenya wengi hukiita hemogramu, huanza karibu kila mara na mstari wenye herufi tatu, WBC, ambazo husimama badala ya chembe nyeupe za damu, na mbele ya herufi hizo huandikwa namba, kizio cha kipimo, na kiwango ambacho namba hiyo hulinganishwa nacho. Namba ikiangukia nje ya kiwango, mashine huiwekea alama yenyewe bila kuulizwa, herufi H kwa iliyozidi na herufi L kwa iliyopungua. Mgonjwa hupokea karatasi yake dirishani, huiona alama kabla ya kumwona daktari, na katika muda wa kukaa kwenye benchi akisubiri kuitwa huwa amekwisha kujitolea hukumu: akiona H husema kwamba ana maambukizi kwenye damu, na akiona L husema kwamba kinga yake imeshuka, neno ambalo katika Afrika Mashariki, tangu Ukimwi ulipoingia, hutamkwa kwa sauti ya chini. Hukumu zote mbili zinaweza kuwa kweli, lakini hakuna hata moja ambayo namba hiyo inaweza kuitoa ikiwa peke yake.

Kinachohesabiwa ni idadi ya chembe nyeupe zilizomo katika mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ujazo unaolingana na kijisanduku chenye upana, urefu na kimo cha milimita moja moja. Maabara nyingine huandika hesabu hiyo kwa maelfu katika mikrolita na nyingine kwa mabilioni katika lita, na kwa kuwa tarakimu zinazoonekana ni zilezile, mtu mwenye 5.2 kwa utaratibu wa kwanza ana 5.2 pia kwa utaratibu wa pili, yaani chembe 5,200 katika mikrolita. Katika ujazo huohuo chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni, hukaribia milioni 5, kwa hiyo chembe nyeupe ni wageni wachache kati ya umati mkubwa, moja kwa takriban elfu.

Uchache huo una sababu, nayo ni kwamba damu kwa chembe nyeupe ni njia tu. Chembe hizi huzaliwa ndani ya uboho, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, ambao kwa mtu mzima mwenye afya hutoa chembe za aina ya neutrofili, zilizo nyingi kuliko aina nyingine, zinazokadiriwa kufikia bilioni 100 kwa siku. Hupita katika damu kwa saa chache, kisha huingia katika ngozi, mapafu, utumbo na kwingineko ambako kazi yenyewe hufanyika. Hata zile zilizomo ndani ya mishipa hazielei zote, kwa maana takriban nusu ya neutrofili huwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa, na sindano haizichukui. Watoa elimu ya afya wamezoea kuziita chembe nyeupe askari wa mwili, na mfano huo, ingawa umechakaa kwa kutumiwa, unafaa hapa kuliko mahali pengine, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni hesabu ya askari waliokutwa barabarani saa ile, nayo haielezi waliomo kambini ni wangapi wala waliokwisha kufika kwenye mapambano. Mtu akikimbia kupanda ngazi, akiogopa sindano, au akiwa na maumivu makali, zile zilizojibanza ukutani huachia na kuingia katika mkondo, na hesabu hupanda ndani ya dakika chache bila chembe hata moja mpya kuzaliwa.

Namna hesabu inavyofanywa nayo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha namba inaweza kuaminiwa kwa kiasi gani. Kabla ya mashine kuenea, na hadi leo katika vituo vidogo pale umeme unapokatika au kemikali za mashine zinapokwisha, mtaalamu wa maabara alichukua damu kidogo akaichanganya na maji ya Türk hadi ikawa sehemu moja katika ishirini. Maji hayo yana asidi ileile iliyomo ndani ya siki, inayoyeyusha chembe nyekundu na kuziacha nyeupe, pamoja na rangi ya zambarau inayokoleza viini vyake. Tone la mchanganyiko huo huwekwa juu ya kioo cha Neubauer, kioo kizito kilichochorwa mistari myembamba inayogawa miraba, na jicho likiwa kwenye darubini huhesabu miraba minne ya pembeni, kila mmoja wa milimita moja, huku kidole kikibonyeza kihesabio. Chembe iliyogusa mstari wa juu au wa kushoto huhesabiwa, iliyogusa wa chini au wa kulia huachwa, ili moja isije ikahesabiwa mara mbili. Jumla ikizidishwa kwa 50 hupatikana idadi katika mikrolita: zikionekana chembe 96, jibu ni 4,800. Lakini chembe hutawanyika juu ya kioo kama nafaka iliyomwagwa, huku nyingi na kule chache, na kwa idadi ndogo kama 96 bahati ya mtawanyiko peke yake inatosha kufanya damu ileile itoe jibu lolote kati ya 3,800 na 5,800, hata mhesabu awe makini kiasi gani.

Mashine za sasa hutokana kwa sehemu kubwa na ugunduzi wa Mmarekani Wallace Coulter, aliyepata hataza mwaka 1953 kwa njia ya kupitisha chembe moja moja katika tundu dogo lenye mkondo wa umeme, ambapo kila chembe inayopita huuzuia mkondo kidogo na kuacha alama inayohesabika. Kwa kuwa huhesabu maelfu ya chembe kwa muda mfupi, mashine imepunguza sana kosa la bahati, lakini haina macho. Damu iliyowekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau bila kupinduliwa taratibu mara kadhaa ili ichanganyike na dawa ya kuzuia kuganda huweza kuwa na mabonge ya chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu kwenye jeraha, na mashine ikayahesabu mabonge hayo kuwa chembe nyeupe. Mgonjwa wa selimundu naye huweza kuwa na chembe nyekundu changa zilizoingia katika damu zikiwa bado na viini, ambazo dawa ya kuyeyushia haizivunji, nazo hujipenyeza katika hesabu ya nyeupe. Kwa sababu hizo zote tofauti ya 3.9 ya juzi na 4.3 ya leo, ambayo wagonjwa huipokea kama habari ya kupona, mara nyingi si tofauti yoyote.

Hata namba iliyo sahihi kabisa haina maana hadi ilinganishwe, na hapo ndipo penye jambo zito zaidi kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Kiwango kilichochapwa pembeni, ambacho kwa watu wazima mara nyingi huwa kati ya 4.0 na 11.0, huitwa kiwango rejea, na hupatikana kwa kupima watu wenye afya, wasiopungua 120 kwa desturi ya kimataifa, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati na kuwaacha nje asilimia mbili na nusu wa chini na wengine kama hao wa juu. Kwa maneno mengine, mtu mmoja kati ya ishirini wenye afya njema huwekewa alama kwa mujibu wa utaratibu wenyewe, na karatasi yenye mistari ishirini isiyo na alama hata moja ni jambo la kushukuriwa kuliko kutarajiwa. Lakini swali linalofuata ni: watu hao wenye afya walikuwa wa wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Ulaya na Marekani, kwa kuwa kiwango kilisafiri pamoja na mashine na vitabu. Watafiti walipowapima watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000 nchini Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, kiwango cha chembe nyeupe kilikuwa takriban kati ya elfu 3 na elfu 9, na zaidi ya theluthi moja ya watu hao wazima, kama wangepimwa kwa vigezo vya Marekani, wangeandikwa kuwa na kasoro fulani ya maabara. Vipimo vya namna hiyo vimefanywa pia Kericho nchini Kenya na Mbeya nchini Tanzania.

Sababu ya tofauti hiyo inajulikana, nayo ina historia ndefu kuliko maabara. Mwaka 1950, kupitia damu ya mgonjwa wa hemofilia aliyeongezewa damu mara nyingi, iligunduliwa antijeni, yaani alama iliyo juu ya chembe nyekundu, ikapewa jina la mgonjwa huyo, Duffy. Baadaye ilionekana kwamba Waafrika wengi walio kusini mwa Sahara hawana alama hiyo juu ya chembe zao nyekundu, na mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wakaonyesha kwamba ukosefu huo huwakinga watu na malaria ya aina ya vivax, kwa sababu kimelea hicho huitumia alama ya Duffy kama komeo la kufungulia mlango. Kinga hiyo ilikuja na jambo la ziada: mwaka 2009 David Reich na wenzake walitambua kwamba badiliko lilelile dogo la jeni linaloiondoa alama hiyo ndilo linaloambatana na idadi ndogo ya neutrofili katika damu. Uboho wa watu hawa ni mzima na maambukizi hayawapati kuliko wengine. Kilichopo ni kwamba neutrofili zao zilizo katika mkondo wa damu ni chache. Hali hiyo imeonekana pia katika baadhi ya jamii za Waarabu na Wayahudi wa Yemen. Mtu wa namna hiyo akiishi na chembe 3,400 maisha yake yote, herufi L iliyo mbele ya namba yake inaeleza alikotoka babu yake, na wala haimhusu daktari.

Gharama ya kutolijua hilo imelipwa hasa na Waafrika walio ughaibuni. Klozapini, dawa inayowasaidia wagonjwa wa skizofrenia walioshindikana kwa dawa nyingine, huweza kwa nadra kuangamiza neutrofili, kwa hiyo mgonjwa anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, na nchini Marekani mwenye neutrofili chini ya kiwango hakuanzishiwa dawa au alisimamishwa. Watu wenye asili ya Afrika walikosa dawa hiyo kwa sababu ya namba ambayo kwao ilikuwa ya kawaida, hadi mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipoweka kiwango cha chini zaidi kwa ajili yao.

Katika maabara za Afrika Mashariki upo mfano mwingine ambao wagonjwa hawauoni kabisa. Mtaalamu anapohesabu vimelea vya malaria kwenye bamba la kioo, huhesabu vimelea vinavyoonekana hadi atimize chembe nyeupe 200, kisha, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, huchukulia kwamba kila mgonjwa ana chembe nyeupe 8,000 katika mikrolita. Akiona vimelea 50, huandika kwamba mgonjwa ana vimelea 2,000. Ikiwa mgonjwa huyo ana chembe nyeupe 4,000 tu, na wagonjwa wengi wa malaria wanazo chache hivyo, basi vimelea vyake ni 1,000, na namba iliyoandikwa ni mara mbili ya ukweli.

Jumla ya chembe nyeupe, hata hivyo, ni kapu lililochanganya aina tano. Neutrofili, zinazokabili hasa bakteria, ndizo nyingi kwa mtu mzima; limfosaiti, zinazokabili virusi na kutunza kumbukumbu ya magonjwa yaliyopita, hufuata; monosaiti, eosinofili na basofili ni chache. Karatasi huzionyesha aina hizo mara mbili, kwa asilimia na kwa idadi kamili, na kosa linalofanywa na wengi, wakiwemo baadhi ya watoa huduma, ni kusoma asilimia peke yake. Mtu mwenye jumla ya 4.0, limfosaiti asilimia 58 na neutrofili asilimia 30 ataona H mbele ya limfosaiti na kuambiwa kwamba ana virusi, ilhali asilimia 58 ya 4,000 ni 2,320, idadi ambayo haina tatizo lolote. Asilimia imepanda kwa sababu tu neutrofili zake, ambazo ni 1,200, ni chache kwa asili. Mtoto chini ya miaka minne au mitano naye huwa na limfosaiti nyingi kuliko neutrofili kwa kawaida ya umri wake, mtoto mchanga huweza kuzaliwa na jumla inayopita elfu 20, na mjamzito huweza kufika elfu 15, kisha akapanda zaidi wakati wa uchungu, bila ugonjwa wowote, ingawa karatasi nyingi humpima kila mmoja wao kwa kiwango cha mtu mzima.

Neutrofili zikizidi huashiria nimonia, jipu au kidole tumbo, lakini huzidi pia baada ya upasuaji, kuungua moto, kuvuta sigara na kutumia prednisoloni, dawa wanayopewa wagonjwa wengi wa pumu. Desturi ya mtu kupita duka la dawa akiwa na karatasi yenye H mkononi ili auziwe antibiotiki kwa ajili ya kusafisha damu haina msingi katika namba hiyo. Kifaduro huinua limfosaiti za mtoto hadi idadi za kutisha. Eosinofili hupanda kwa pumu na mzio, na kwa minyoo inayopita ndani ya nyama za mwili, ikiwemo kichocho na minyoo ya matende, wakati amiba, ambayo ndiyo husingiziwa kila tumbo linapouma, kwa kawaida haizipandishi. Taifodi, kinyume na wanavyodhani wengi, huacha chembe nyeupe katika idadi ya kawaida au huzipunguza. Dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzishusha pamoja na chembe sahani, na mseto huo kwa mgonjwa mwenye homa na maumivu ya viungo ambaye kipimo chake cha malaria hakionyeshi kitu humwelekeza daktari mahali pengine kabisa.

Kuhusu virusi vya Ukimwi, CD4 inayotajwa kliniki ni kundi moja ndani ya limfosaiti, nalo huhitaji kipimo chake maalumu. Jumla ya chembe nyeupe haionyeshi CD4 wala haiwezi kuthibitisha au kukanusha maambukizi. Zidovudini, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi, huweza kwa upande wake kuzishusha neutrofili.

Upungufu wa kuogopwa una mpaka wake. Neutrofili zikiwa chini ya 500, hasa kwa mgonjwa anayepewa dawa za saratani, bakteria wanaoishi mdomoni na tumboni kwa amani hugeuka adui, na homa katika hali hiyo ni dharura ya saa na si ya siku, kwa sababu usaha, uvimbe na dalili nyingine ambazo chembe nyeupe ndizo huzisababisha zinaweza zisionekane kabisa, homa ikawa ndiyo dalili pekee. Anayemeza kabimazoli kwa ajili ya tezi ya shingo huelekezwa kwamba akipata vidonda vya koo na homa aache dawa na apimwe damu siku hiyohiyo, na hapo ndipo mstari wa neutrofili unapostahili kusomwa kabla ya mingine yote.

Upande wa juu wa namba upo pia mahali ambapo hesabu hufikia mwisho wa uwezo wake. Jumla ya 60,000 huweza kutokea kwa mtu ambaye uboho wake unapambana na maambukizi makali, na huweza kutokea kwa mwenye saratani ya damu, ile ambayo Rudolf Virchow aliipa jina la lukemia katika karne ya 19 kwa kuona damu imekuwa nyeupe. Mashine hutoa namba ileile kwa wote wawili, pengine pamoja na onyo kwamba imekutana na chembe isizozitambua. Mtaalamu hudondosha tone kwenye kioo, hulisukuma kwa ukingo wa kioo cha pili hadi liwe utando mwembamba wenye umbo la ulimi, hulikausha hewani, hulitia rangi na kuliweka chini ya darubini. Kwa mwenye maambukizi huona neutrofili nyingi zilizokwisha kukomaa au zinazokaribia kukomaa, zimejaa chembechembe nyeusi nyeusi. Kwa mwenye lukemia sugu ya uboho huona vizazi vyote vimetoka kambini kwa pamoja, wakubwa, vijana na wachanga, na katikati yao basofili ambazo kwa siku za kawaida angetafuta sana kabla ya kupata moja. Huandika alichokiona chini ya namba, karatasi hurudi kwa daktari, naye humlaza mgonjwa chali kitandani na kupapasa taratibu chini ya mbavu za kushoto, akiutafuta ukingo wa bandama.